Google Calendar, Outlook au Nextcloud: ipi ikulindie kalenda ya ofisi?

Ni nadra kalenda ya pamoja ya ofisi kuharibiwa na mtu wa nje. Huharibika kwa sababu siku ya kwanza aliyeitengeneza aliwapa wote ruhusa ya kuhariri ili kazi isikwame, na baada ya hapo hakuna aliyerudi kupanga nani abaki na nini. Miezi michache baadaye kikao cha bodi kimefutwa na kila mtu anakana, mhasibu anasoma kwamba bosi ana miadi na daktari, na mwanafunzi aliyemaliza mafunzo kwa vitendo tangu mwaka jana bado anaona safari zote za ofisi kwenye simu yake.

Ofisi nyingi hapa Mbeya, na hata Iringa na Njombe, huchagua mfumo kwa kuangalia bei, au kwa kufuata ule aliouzoea afisa TEHAMA. Bei ni muhimu, sikatai. Lakini kwa kalenda ningetanguliza maswali matatu: nani ataona nini, nani ataweza kubadilisha nini, na mtu akiondoka atatolewa vipi. Kwa maswali hayo nimelinganisha mifumo mitatu ambayo ofisi ya huku inaweza kuipata na kuimudu: Google Calendar, Outlook ya Microsoft 365, na Nextcloud, ambayo ni programu huria unayoiweka kwenye seva yako mwenyewe, yaani kompyuta inayowaka muda wote na kutunza data ya ofisi.

Nisikuzungushe. Ofisi ndogo ambayo watu wake tayari wanatumia Gmail ichukue Google, ila si kwa akaunti ya mtu binafsi. Ofisi yenye wakuu na makatibu muhtasi wanaowapangia ratiba, Outlook inafaa zaidi kwa jambo moja kubwa nitakalolieleza kwa kirefu. Nextcloud ni nzuri sana kwa ofisi inayoshika siri za watu, kwa sharti kwamba ina mtu wa kudumu wa kuihudumia seva. Yanayofuata ni sababu zangu. Ukiona haziigusi ofisi yako, amua vingine bila wasiwasi.

Na kama mko watatu kwenye chumba kimoja pale Mwanjelwa, shajara ya mezani inatosha. Haitegemei umeme wala bando, na ukitaka kujua nani kaandika unatazama mwandiko. Kundi la WhatsApp ndilo nisilolipendekeza kabisa kama kalenda: ujumbe wa "kikao Alhamisi saa nne" unazama chini ya salamu na michango ya harusi kabla ya jioni, na huwezi kumjulisha mtu kwamba una shughuli bila kumweleza shughuli yenyewe.

Ngazi za kutazama na kubadilisha

Google ina ngazi nne. Ya chini kabisa humwonyesha mtu muda tu: Jumanne saa nne hadi saa sita una shughuli, basi. Ya pili humwonyesha kila kilichoandikwa, yaani kichwa, mahali, maelezo na walioalikwa. Ya tatu humruhusu kubadilisha matukio. Ya nne humruhusu kubadilisha na pia kuamua nani mwingine aingie au atoke, kwa hiyo mwenye ngazi hiyo anaweza kumwongeza mtu usiyemjua bila kukuuliza. Katika ofisi ya watu kumi, wawili wakiwa na ngazi ya nne wanatosha.

Outlook, kwa watu wa ofisi moja, huanza na ngazi tano: kuona muda tu, kuona kichwa na mahali, kuona kila kitu, kuhariri, na kuwa mwakilishi wa mwenye kalenda. Hiyo ya pili, ya kichwa na mahali, Google haina, na kwa ofisi za nyanda hizi ina kazi kubwa. Chukua shirika la kilimo lenye maafisa wanaozunguka Mafinga, Makambako, Rungwe na Mbozi. Dada wa mapokezi anahitaji kujua kwamba afisa fulani leo yuko Tukuyu na atarudi kesho, ili akipigiwa simu ajibu vizuri. Hahitaji kusoma maelezo kwamba anaenda kukagua hesabu za chama chenye mgogoro. Kwa Google utamwonyesha muda tu, na hapo hatajua afisa yuko wapi, au utamwonyesha yote.

Outlook ya zamani ya kwenye kompyuta ina orodha ndefu zaidi, na ndani yake mna kitu ambacho mifumo mingine miwili haina: unaweza kumpa mtu ruhusa ya kuandika tukio jipya, kusoma ya wengine, lakini abadilishe na kufuta yale tu aliyoyaandika mwenyewe. Kama umewahi kusimamia kalenda inayoandikwa na maafisa kumi na wawili kwa wakati mmoja, utaelewa kwa nini nalisisitiza. Mwenye haraka akiona siku imejaa huisogeza shughuli ya mwenzake ili yake ikae. Hana nia mbaya, ana kazi tu. Kwa ruhusa hiyo ya Outlook hawezi. Kwa Google na Nextcloud anayehariri huhariri vyote, na kinachobaki ni kuaminiana na kutazama pipa la vilivyofutwa, ambalo kwa Google hutunza tukio kwa takriban siku 30, na kwa Nextcloud pia siku 30 kama msimamizi hajabadilisha.

Nextcloud, unapomshirikisha mtu kalenda, hukuuliza jambo moja: anatazama tu au anahariri pia. Hakuna ngazi ya kichwa na mahali, wala ya muda pekee. Badala yake kila tukio lina uamuzi wake: wanaoshirikishwa walione lote, waone tu kwamba una shughuli, au wasilione kabisa. Ina maana faragha inategemea kumbukumbu ya anayeandika, tukio kwa tukio, na mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni husahau.

Alama ya faragha

Hapa ndipo mifumo hii inapoachana kweli, na ndipo ofisi zinapoumia bila kujua.

Mkurugenzi ana katibu muhtasi anayempangia vikao. Katibu lazima aweze kuandika kwenye kalenda ya mkurugenzi, la sivyo kazi yake haipo. Alhamisi mkurugenzi anakwenda kumwona daktari. Ijumaa anakutana na mwenyekiti wa bodi kuzungumzia kupunguza wafanyakazi, pengine katibu mwenyewe akiwa miongoni mwao. Mkurugenzi anaandika matukio yote mawili, anaweka alama ya faragha, na analala akijua yamefichika.

Kwa Google hayajafichika kwa katibu. Alama ya faragha huwafungia wale wanaotazama tu; wao wataona kwamba kuna shughuli, bila kichwa wala maelezo. Aliyepewa ruhusa ya kubadilisha matukio anaona yote, ya faragha yakiwemo. Ndivyo Google ilivyoipanga, na haijifichi kulisema hilo kwenye maelezo yake, ila wakurugenzi wengi hawayasomi. Njia ya kulikwepa ipo. Mkurugenzi anafungua kalenda ya pili ndani ya akaunti ile ile, asimshirikishe mtu, mambo yake anayaandika humo, na kwenye kalenda kuu anaziba muda huo kwa neno moja tu, "Sipo." Inafanya kazi. Lakini ni kuandika mara mbili kila kitu, na sijui wakurugenzi wengi watakaovumilia hilo zaidi ya wiki mbili.

Kwa Outlook, kuhariri ni ruhusa moja na kuona ya faragha ni nyingine. Katibu akiwa mwakilishi wa mkurugenzi, anapokea mialiko ya vikao, anakubali au kukataa kwa niaba yake, anapanga na kupangua. Akifika kwenye tukio la faragha anaona muda umezibwa na haoni kichwa, isipokuwa mkurugenzi amemwekea tiki kwenye kisanduku maalumu cha kuona mambo ya faragha. Tiki hiyo haiwekwi yenyewe. Hili ndilo jambo kubwa nililosema mwanzoni. Kwa ofisi ya mkuu wa chuo, mkurugenzi wa shirika, wakili mwandamizi au yeyote ambaye ratiba yake inashikwa na mtu mwingine, peke yake linatosha kuamua.

Hata hivyo, usiitegemee alama hiyo kupita kiasi. Microsoft wenyewe wanaonya kwamba mwenye ruhusa ya kusoma kalenda anaweza kuyafikia maelezo ya faragha kwa kutumia programu nyingine isiyoiheshimu alama. Ni pazia, si mlango. Kama jambo lenyewe likijulikana litavunja watu, lisiandikwe kwenye kalenda ambayo mtu mwingine anaisoma, kwa mfumo wowote ule.

Nextcloud inakupa chaguo zake tatu kwa kila tukio, na zinatokana na iCalendar, kiwango cha pamoja cha kuandika matukio ya kalenda (waraka RFC 5545 wa mwaka 2009), kinachotaja matukio ya wazi, ya faragha na ya siri. Chaguo la kuficha kabisa linavutia, ila lina mtego: wanaoshirikishwa hawaoni hata kwamba muda umezibwa. Katibu ataangalia Alhamisi, ataiona nyeupe, atamwekea mkurugenzi mgeni kutoka Dar es Salaam saa ile ile ya daktari. Kwa saa za kazi tumia chaguo la kati, linaloonyesha kwamba una shughuli. La kuficha kabisa liache kwa mambo ya jioni na mwisho wa wiki.

Kuna upenyo mwingine ambao hauhusiani na kushirikisha kalenda: walioalikwa. Ukimwalika mtu kwenye tukio, analiona hata kama kalenda yako hajawahi kuigusa. Google, usipobadilisha kitu, humruhusu mwalikwa kuwaona walioalikwa wenzake na hata kuwaalika wengine. Wakili anayewaita wateja wawili wasiojuana kwenye siku moja ya ushauri, kwa mwaliko mmoja, amewapa kila mmoja barua pepe ya mwenzake. Toa tiki zote mbili kabla ya kutuma, au, bora zaidi, andika mialiko miwili.

Kalenda ya idara nzima

Kwa kalenda isiyo ya mtu mmoja, mfano ya safari za maafisa ugani au ya mafunzo, usiwape ruhusa watu mmoja mmoja. Google inakubali kushirikisha kalenda na anwani ya kikundi. Anayeingia kwenye kikundi anaipata, anayetolewa anaipoteza. Nextcloud nayo ina vikundi vya watumiaji, na inafanya kazi vilevile.

Outlook ina njia mbili na watu huzichanganya. Kalenda ya kikundi cha Microsoft 365 ni ya haraka kuanzisha, lakini wanachama wote wana haki sawa ya kuandika na kufuta. Huwezi kumfanya mmoja awe mtazamaji. Njia ya pili ni sanduku la barua pepe la pamoja, ambalo huja na kalenda yake. Humo ngazi zote nilizotaja zinapatikana, na sanduku lenyewe halihitaji leseni ya kulipia mradi halijazidi GB 50, ingawa kila anayelifungua lazima awe na leseni yake. Kwa ofisi yenye zaidi ya watu watano hivi, mimi huchukua hili la pili kila mara. Anwani kama mafunzo au safari, ikifuatiwa na jina la ofisi, hubaki pale pale hata wafanyakazi wabadilike wote.

Gari

Ofisi ina Land Cruiser moja, madereva wawili, na maafisa kila mmoja na kijiji chake. Hapa ruhusa sahihi ni kwamba mtu asiandike kwenye kalenda ya gari kabisa. Anaomba, na mfumo unakubali au unakataa.

Microsoft 365 na Google Workspace, yaani Google ya ofisi inayolipiwa, zote zinaweza kulisajili gari au ukumbi kama rasilimali yenye kalenda yake. Unapoandaa safari unaliongeza gari kama unavyomwongeza mtu. Kama limeshachukuliwa, ombi linakataliwa. Kwa vyumba vya mikutano, Microsoft huweka pia mipaka ya kuanzia: huwezi kuhifadhi zaidi ya siku 180 mbele wala kwa zaidi ya saa 24 mfululizo. Afisa anayekwenda Ludewa kwa siku nne atagongana na ukomo kama huo ukiwa umewekwa kwenye gari, kwa hiyo msimamizi auangalie na kuubadilisha kabla hajaanza kulaumiwa.

Google ya bure haina rasilimali. Utatengeneza kalenda ya kawaida, utaiita "Gari", na watu wawili wataweza kuandika Jumatano ile ile bila mfumo kusema neno. Kwa Nextcloud utahitaji nyongeza na mtu wa kuiweka. Kama ugomvi mkubwa wa ofisi yako ni gari, na ofisi nyingi za miradi ni hivyo, basi hata ngazi za faragha zisikusumbue sana. Lipia moja ya ile miwili.

Mtu anapoondoka

Swali hili huulizwa mwisho, na lingepaswa kuulizwa mwanzo.

Hatari kubwa ya Google ya bure ni kwamba hakuna msimamizi juu ya mwenye akaunti. Kalenda ya ofisi ikiwa imefunguliwa kwenye Gmail ya mhasibu, mhasibu akihamia Songea, kalenda imehama naye. Hata akiwa mtu mwema, siku atakayofuta akaunti hiyo kila kitu kinakwenda. Fungueni akaunti ya ofisi, kalenda izaliwe humo, na namba ya simu ya kurejeshea nenosiri iwe ya laini ya ofisi, isiwe ya kijana aliyeifungua. Halafu mtu aingie kwenye akaunti hiyo mara kwa mara: Google ina sera, iliyoanza kutekelezwa Desemba 2023, ya kufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka 2. Akaunti iliyofunguliwa ili tu imiliki kalenda inaweza kusahaulika kirahisi hivyo.

Google Workspace inamwezesha msimamizi kuhamisha data ya anayeondoka kwenda kwa mwingine kabla ya kuifuta akaunti. Kwa Microsoft, kama kalenda iko kwenye sanduku la pamoja, unamtoa mtu na kazi imekwisha. Nextcloud ni kali: ukimfuta mtumiaji, kalenda zake zinafutika naye. Kuna amri ya msimamizi ya kuhamisha kalenda kutoka akaunti moja kwenda nyingine, na lazima iendeshwe kabla.

Vikao vya kujirudia ni tatizo jingine. Kikao cha menejimenti cha kila Jumatatu kina mwandaaji mmoja. Google inakuruhusu kumbadilisha mmiliki wa tukio. Outlook hairuhusu: mwandaaji akiondoka, kikao chake hubaki kwenye kalenda za watu kama yatima, na njia iliyopo ni kukifuta na kukiandaa upya kwa jina la mwingine. Mfanyakazi anayeaga aambiwe mapema avifute mwenyewe vikao alivyoviandaa, wiki ya mwisho, kabla hajarudisha kompyuta.

Na kuna viungo. Mifumo yote mitatu inaweza kutoa kiungo ambacho yeyote aliyenacho anaisoma kalenda bila kuingia na nenosiri. Google hukiita cha siri, lakini ni siri kwa maana tu kwamba ni kirefu na hakikisiki. Ukimwondoa mtu kwenye orodha ya walioshirikishwa, kiungo alichokwisha kukibandika kwenye simu yake kinaendelea kufanya kazi. Google ina kitufe cha kukiweka upya. Outlook unaacha kuichapisha kalenda. Nextcloud unakifuta kiungo. Fanya hivyo kila anapoondoka mtu aliyekuwa na ruhusa, hata kama hujui kama alikinakili.

Umeme, mtandao na seva ya chini ya meza

Google na Microsoft seva zao haziko hapa, kwa hiyo umeme ukikatika Uyole kalenda haijaenda popote. Simu iliyokwisha kusawazisha inaonyesha matukio hata pasipo mtandao, na afisa aliye bondeni Kyela ataona ratiba yake ya wiki. Asichokiona ni mabadiliko ya ruhusa: umemtoa kwenye kalenda saa tatu asubuhi, na kama simu yake haina mtandao, nakala ya jana bado anayo mkononi.

Nextcloud ikiwa kwenye seva ya ofisini, umeme wa ofisi ndio umeme wa kalenda. UPS, betri ya kuishikilia seva umeme ukikatika, ni lazima, na nakala ya akiba ikae nje ya jengo hilo. Ofisi isiyo na uhakika wa umeme inaweza kukodi seva kwa kampuni ya nje, ila ujue kwamba hapo sababu moja ya kuichagua, yaani data kukaa kwako, imepungua. Kwenye Android, watumiaji wataongeza programu iitwayo DAVx5 ili kalenda ifike kwenye simu. iPhone inaweza bila nyongeza. Na lazima awepo mtu wa kuisasisha seva hiyo mwaka mzima. Seva isiyosasishwa, yenye majina ya wagonjwa ndani yake, ni mbaya kuliko Google yoyote.

Taarifa za watu

Zahanati, ofisi za mawakili na mashirika ya msaada wa kisheria yanaandika majina ya watu kwenye kalenda kila siku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inazihusu. Inazichukulia taarifa za afya kuwa nyeti, na ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi, jambo ambalo Google na Microsoft hulifanya kwa asili ya huduma zao. Hapa ndipo Nextcloud iliyo ndani ya ofisi, Mbeya au Iringa, ina hoja nzito kuliko wenzake.

Lakini kabla ya kununua seva, badilisha namna ya kuandika. Tukio lenye kichwa "Kliniki, faili 214, saa 3:30" linamwambia muuguzi kila anachohitaji. Likiandikwa kwa jina kamili la mgonjwa na huduma anayopewa, linamwambia kila mwenye kalenda, kila aliyeshika simu ya mwenye kalenda, na kila aliyekaa nyuma yake kwenye Coaster ya Mbalizi. Hakuna ngazi ya ruhusa inayorekebisha kichwa kibaya.

Kwa wanaotumia Workspace au Microsoft 365, msimamizi anaweza pia kuweka ukomo wa ofisi nzima kwamba mtu wa nje aone muda tu, hata mfanyakazi akitaka kumpa zaidi. Uwekeni huo ukomo kabla ya kufungua kalenda ya kwanza. Google ya bure haina wa kuuweka.

Ukihama kutoka mmoja kwenda mwingine

Watu huanza na Google ya bure, ofisi inakua, wanahamia Outlook au Nextcloud. Matukio yanahama kirahisi: unapakua faili la iCalendar kutoka mfumo wa zamani na kulipakia kwenye mpya. Ruhusa hazihami. Faili hilo halibebi nani alikuwa anatazama na nani anahariri, kwa hiyo kaeni kwanza na karatasi mkaandike orodha upya, kuanzia sifuri, mkimpa kila mtu kidogo kinachomtosha. Usinakili orodha ya zamani. Humo ndimo walimo wale waliopewa ruhusa siku ya kwanza ili kazi isikwame.

Angalieni na ukanda wa saa kabla ya kupakia. Kwenye Outlook chagueni Nairobi, saa ni ile ile yetu. Kalenda mpya ikiwa imebaki kwenye saa ya Uingereza ya majira ya baridi, kikao cha saa tatu asubuhi kitaonekana saa kumi na mbili, na mtafikiri faili limeharibika.

Kalenda ya zamani msiifute siku hiyo. Waondoleeni wote ruhusa ya kuhariri, wabaki kutazama, la sivyo nusu ya ofisi itaendelea kuandika kule kwa mazoea na nusu nyingine huku. Tukio la mwisho lililomo likishapita, wekeni upya viungo vyake, kisha mfute.